Siku Moja Maishani Mwangu: Muuguzi wa Kliniki ya Pumu

Saa 1:30 asubuhi. Kabla wagonjwa hawajaitwa, ninaosha spesa, yaani vyombo vya plastiki vinavyounganishwa na pampu ya kuvuta dawa, kwa maji ya sabuni na kuziacha zikauke zenyewe, kwa kuwa zikifutwa kwa kitambaa plastiki hupata umeme tuli unaonasa dawa kabla haijafika mapafuni.

Saa 3:00. Mzee mmoja, fundi seremala, anaitikia shikamoo yangu kwa kuhema, kisha analalamika: "Binti yangu, ile ya bluu inaniishia mapema, na hii ya kahawia siisikii kabisa." Malalamiko hayo ninayasikia karibu kila kliniki. Salbutamoli ya pampu ya bluu hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, ndiyo maana huaminiwa. Beklometasoni ya pampu ya kahawia hupunguza uvimbe wa njia hizo kwa siku na majuma, bila mgonjwa kuhisi lolote. Anayetegemea ya bluu peke yake hupata nafuu huku uvimbe ukiendelea, na tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, haupendekezi tena tiba ya namna hiyo kwa watu wazima na vijana.

Ninamwomba avute nione. Anabonyeza kwanza, ndipo anavuta, na dawa inaishia ulimini. Tunarudia: atikise, atoe pumzi, abane midomo kwenye pampu, abonyeze mara anapoanza kuvuta polepole, kisha azuie pumzi kwa sekunde 10. Akimaliza ya kahawia, asukutue na kutema, asije akaota fangasi mdomoni.

Saa 6:20 mchana. Mtoto analetwa akikoroma kifua, ingawa bado anaongea. Mama yake anataka mashine ya mvuke na haamini kwamba chupa ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili pampu iingie, inatosha. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa hiyo hufanya kazi sawa na spesa ya kununua. Anavuta dozi moja moja, na kifua kinaanza kufunguka.

Saa 9:00 alasiri. Ninagawa pampu. Wengi hutumbukiza kopo majini kupima kilichobaki, njia isiyoaminika. Pampu ya kahawia ya mzee ina dozi 200. Kwa mibonyezo miwili asubuhi na miwili jioni itadumu siku 50, hivyo ninaandika kwenye boksi lake tarehe ya kurudi.