Kutoka Berlin hadi Budapest, wiki aliyorudi Trump

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2024, ndani ya treni ya chini ya ardhi mjini Berlin, behewa zima lilikuwa limeinamia simu. Saa ilikuwa moja na nusu, Trump hajahutubia bado kule Florida, lakini matokeo ya uchaguzi wa urais wa Marekani yalishaanza kujulikana: ameshinda. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliisoma habari, akaizima simu, akaiwasha tena na kuisoma upya.

Nilikuwa nimefikia kwa shangazi yangu, katika mtaa wa Wedding, si mbali na barabara iitwayo Sansibarstraße. Mitaa ya pale ilipewa majina ya makoloni, na miezi michache kabla, Agosti, barabara iliyopewa jina la mkoloni Carl Peters enzi za Hitler ilikuwa imebadilishwa jina: kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Shangazi alinipeleka kukiona kibao siku niliyofika, akasimama pale muda mrefu. Ni muuguzi, amezeeka na Wajerumani. Jioni ile aliporudi kazini nilimwamkia, akaitikia na kuvua viatu. "Mwanangu, leo wodini kila mtu ananiuliza mimi Wamarekani wamefanya nini, kama vile mimi nimepiga kura."

Walikuwa na sababu. Trump alishaahidi ushuru wa asilimia 10 hadi 20 kwa bidhaa zote zinazoingia Marekani, na Ujerumani inaishi kwa kuuza magari nje. Hisa za BMW na Mercedes ziliporomoka siku hiyohiyo. Za Rheinmetall, watengeneza mizinga na risasi, zikapanda. Mtu aliyetaka kujua Ulaya inawaza nini angetazama namba hizo mbili tu.

Kabla hatujalala likaja la pili. Saa tatu na dakika kadhaa usiku Kansela Olaf Scholz alitokea kwenye televisheni akatangaza kumfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner, na muungano wa vyama vitatu ukawa umekufa. Shangazi aliongeza sauti, akakaa ukingoni mwa kochi. Nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote katika Umoja wa Ulaya ilikuwa imekosa serikali imara siku ileile ambayo mlinzi wake mkuu, Marekani, alikuwa amebadilika.

Niliwahurumia, lakini sikuona kama walishtukizwa. Mei 2017, Angela Merkel, kansela wa wakati huo, alisema mbele ya umati jijini Munich kwamba zama za kuwategemea wengine kikamilifu zimepita kwa kiasi fulani. Toka maneno yale hadi usiku ule ilikuwa zaidi ya miaka saba. Watu walipiga makofi, wakaenda nyumbani.

Kesho yake nilipanda treni ya Hungaria, inayotoka Berlin kupitia Dresden, Praha na Bratislava mpaka Budapest, safari ya kutwa. Kuna ndege, ila nilitaka kuwasikia watu njiani.

Dresden alipanda mzee mwenye koti zito, akakaa karibu nami. Treni ilipoanza kuufuata mto Elbe, chini ya majabali ya mchanga na ngome ya Königstein, akaniuliza natoka wapi, kisha akasema bila kuulizwa kwamba Berlin wanalia kupita kiasi. Yeye alikulia Ujerumani Mashariki. Dola aliyozaliwa ndani yake ilitoweka akiwa na watoto wadogo. "Trump akimaliza vita vya Ukraine, mimi nitamshukuru." Nilikumbuka kwamba Septemba, chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia, kilipata asilimia 30.6 ya kura katika jimbo lake la Saxony, kikikaribia kabisa kushika nafasi ya kwanza. Magazeti ya kwetu Tanzania huandika "Ulaya yaingiwa na hofu" kana kwamba Ulaya ni mtu mmoja.

Praha ndipo alipoingia mwanamke mwenye binti wa umri wa darasa la pili. Wanatoka Kharkiv, Ukraine, aliniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga, wanaishi Cheki tangu 2022, wanakwenda kumwona dada yake Budapest. Tulikutana tena kwenye behewa la chakula, mtoto akila supu na kuchora dirishani kwa kidole. Mama alinionyesha simu: ramani ya nchi yake, yenye rangi nyekundu upande wa mashariki, anaifungua kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Mume wake yuko huko. Nilimuuliza kuhusu Trump. Hakumtukana. Alisema Biden alitoa silaha, lakini kila mara kwa kuchelewa. Trump anasema atamaliza vita kwa saa 24, na anachoogopa ni ardhi ya nani itakayolipia hizo saa.

Halafu akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Jina la Budapest alilijua shuleni, kwa sababu ya karatasi. Desemba 1994, viongozi wa Marekani, Uingereza na Urusi walitia saini mjini humo, wakiahidi kuiheshimu mipaka ya Ukraine, nayo ikakubali kuziacha silaha za nyuklia zilizobaki kwake baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. "Tulitoa kila kitu," alisema, akaufuta mchoro wa mtoto dirishani ili tuuone mto.

Bratislava sikushuka. Baadaye Danube ikajitokeza upande wetu, giza likaingia.

Budapest ilikuwa imejaa ving'ora. Siku hiyo viongozi zaidi ya 40 wa Ulaya walikutana katika uwanja wa mpira wa Puskás, mwenyeji wao Viktor Orbán, waziri mkuu wa Hungaria wakati huo. Yeye alikuwa na sherehe waziwazi. Oktoba aliahidi kufungua chupa za shampeni Trump akishinda. Matokeo yalimkuta Kyrgyzstan, akaeleza kwamba huko walitumia vodka. Rais Macron aliwaambia wenzake kwamba dunia ina wala majani na wala nyama, na Ulaya ikibaki kula majani italiwa. Zelensky alisema kumpa Putin anachotaka ni kujiua kwa Ulaya nzima. Maneno makali, na ya kweli kwa maoni yangu, ila hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kusema ni nani atatoa silaha ikiwa Washington itafunga mkono.

Wageni walipoondoka nilitembea katikati ya mji. Uwanja wa Szabadság una sanamu ya shaba ya Ronald Reagan, anatembea, na mbele kidogo umesimama mnara wa askari wa Kisovieti wenye nyota juu. Kutoka pale unafika bungeni kwa miguu. Kwenye ukuta wa Wizara ya Kilimo, upande wa pili, vimepachikwa vitufe vya metali kila mahali risasi zilipopiga Oktoba 25, 1956, Wahungaria walipoasi dhidi ya utawala wa Kisovieti. 

Kijana mwanafunzi aliniona nikivigusa, akanisogelea. Bibi yake alikuwa msichana mwaka ule. Vifaru vya Kisovieti vilivamia tena Novemba 4. Bibi alikesha na redio akiwangoja Wamarekani. Novemba 6 Wamarekani walikuwa wakipiga kura, Eisenhower akashinda kwa kishindo, na msaada haukuja. Nilimuuliza bibi anamwonaje Trump. Anampenda, akasema, kwa sababu Orbán anampenda, lakini wanajeshi wa kigeni wa nchi yoyote hataki kuwasikia.

Naye akataka kujua nyumbani kwetu wanasemaje. Nikamwambia kwetu watu wanaulizia dawa. Mpango wa Marekani uitwao PEPFAR, ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003, ndio uliokuwa ukigharamia sehemu kubwa ya ARV, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, na idhini yake bungeni Marekani ilikuwa iishe Machi 2025. Hakuwahi kuusikia. Aliniomba nimtajie herufi, akaziandika kwenye simu, akauliza ni watu wangapi wanaotumia dawa hizo Tanzania. Nikamjibu zaidi ya milioni moja. Alitaka kuuliza zaidi, lakini tramu yake, namba 2, ilikuwa imefika.