Nilimpeleka baba Dar kusikiliza dansi, ukumbi ukatuangusha

Baba yangu ana miaka 72 na toka mwaka jana alikuwa na ombi moja tu, kabla magoti hayajagoma kabisa anataka aende tena Dar akasikilize dansi ukumbini. Sio redioni, redioni anasikiliza kila siku, alitaka ukumbini, amwone mpiga gitaa la solo anavyofumba macho na domo la bata, yaani saksafoni, linavyong'aa kwenye taa. Na sio ukumbi wowote, ni ule ule aliokuwa anaenda na mama enzi hizo anafanya kazi Kiwanda cha Urafiki. Jina la ukumbi siliweki, na bendi nayo naiacha bila jina maana bendi haina kosa lolote, ila ukumbi ni mkongwe kweli, watu wa Dar wa umri wa baba ukiwatajia tu wanaanza kutabasamu.

Kwahiyo mwezi uliopita nikasema bas, twende. Alhamisi nikapiga namba iliyokuwa kwenye tangazo, akapokea dada mmoja, nikamweleza nakuja na mzee kutoka Moro, anapenda kukaa kona ya kushoto ya jukwaa karibu na ukuta, akanijibu "njooni tu kaka, mkiwahi kabla ya saa tatu meza ya mzee ipo." Nikamwambia baba, akaenda kutoa viatu vyake vya ngozi chini ya kitanda akaanza kuvipaka kiwi siku hiyo hiyo, Alhamisi, wakati safari ni Jumamosi.

Mama hakuja, mgongo unamsumbua, akatupa agizo moja: wakifika kwenye chemko, pale wimbo unapochanganya kasi, mnipigie simu nisikie.

Jumamosi asubuhi tukachukua bajaji mpaka stesheni ya Kihonda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa baba kupanda treni ya umeme na mi nilikuwa namwangalia yeye kuliko dirisha. Kilomita kama 200 mpaka Dar, unatumia chini ya saa mbili, wakati yeye anakumbuka ile treni ya zamani unaondoka usiku unafika kumeshakucha na masizi kwenye kola. Milima ya Uluguru ilivyobaki nyuma akaanza stori, na baba akianza stori za muziki humkatizi.

Akanipa za Moro kwanza, maana kwake Dar ilikuja baadaye. Kwamba mji wetu ndo ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, yule aliyefariki kwa ajali ya gari 1965, na Morogoro Jazz ambayo Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa mpaka wakaenda Japan kwenye maonesho ya Expo 1970 kule Osaka. Baba alikuwa kijana wa miaka 17 wakati huo na anasema Moro nzima ilitembea kifua mbele utadhani kila mtu ndo kaenda Osaka. Alafu 1973 Mbaraka akatoka akaanzisha bendi yake, Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali huko Kenya. Hapo baba alinyamaza kidogo akaangalia nje, tulikuwa tushapita Ngerengere.

Kilichonishangaza mi ni jinsi bendi zilivyokuwa zinaendeshwa. Bendi ilikuwa ya shirika, vyombo vya shirika na mwanamuziki anapokea mshahara kama mfanyakazi mwingine. Urafiki walikuwa na bendi yao pale pale kiwandani, Polisi walikuwa nayo, Jeshi walikuwa nayo, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, na NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi toka 1964, ndo maana jina lilikuwa linabadilika kila chama kikibadilika, NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo inaitwa Msondo Ngoma. Alafu 1978 ikaanza Mlimani Park, Sikinde, na mwimbaji Muhidin Gurumo akaondoka JUWATA kwenda huko. Baba anasema Dar iligawanyika kama Simba na Yanga, we Msondo au Sikinde, na yeye na mama walikuwa hawapatani kabisa kwenye hilo lakini Jumamosi walikuwa wanaenda pamoja hivo hivo.

Dar tukafikia kwa dada yangu Magomeni, baba akala akalala kidogo, jioni akavaa shati lake la kitenge. Pale kwenye mlango wa chumba nikamwona anakunja noti ya elfu kumi mara nne, anaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hiyo ya kumtunza mwimbaji, akasema, wakipiga wimbo wa mama yako.

Saa mbili na nusu tuko getini. Kiingilio elfu kumi kila mtu, hapo sina neno, bendi ya watu zaidi ya kumi na mbili inahitaji kula na kumbi nyingi makubaliano ndo hayo, bendi inachukua mlangoni, mwenye baa anabaki na vinywaji. Neno langu linaanza kwa baunsa. Yule kijana hakusema shikamoo, hakusema karibu, alimwambia baba "nyoosha mikono" akampapasa, akatoa dawa zake za presha mfukoni akazigeuza geuza kwenye tochi kama kakamata mwizi. Baba akamwambia taratibu, hizo ni dawa mwanangu. Hakujibiwa. Mi nilitaka kusema kitu, baba akanibana mkono.

Ndani tukapata ile kona. Kiukweli nilifurahi, ukuta ni ule ule anasema, wamepaka rangi tu, na sakafu ya saruji mbele ya jukwaa imesuguliwa na viatu vya watu mpaka inateleza kama kioo. Alipitisha mguu pale akacheka peke yake. Tukaagiza Stoney na maji na nusu kuku na ndizi. Dakika arobaini. Ukumbi haukuwa hata nusu, wahudumu watano nawaona wamekaa kaunta wanaangalia simu, nimenyanyua mkono mara tatu, mara ya nne nikaenda mwenyewe, dada akaniambia bila kuinua macho "nilidhani mmeondoka". Soda ilivyokuja ilikuwa ya moto na ilishafunguliwa huko huko kaunta, na baba ni mtu wa zamani, hanywi chupa ambayo hajaona inafunguliwa. Aliisogeza pembeni akanywa maji.

Saa tatu na nusu bendi ikaanza na hapo niseme ukweli wote, nilisisimka. Vyombo vilikuwa na hali mbaya, spika moja inakoroma na kichwa cha maikrofoni ya pili kimefungwa kwa mpira wa ndala, lakini zile sauti tatu zilivyoingia kwa pamoja na tarumbeta zikajibu, nikaelewa kwanini baba hakuridhika na redio. Mpiga tumba, zile ngoma ndefu za kupiga kwa viganja, alikuwa mzee wa makamo ya baba. Baba alikuwa anapiga meza kwa vidole viwili, tena sio anafuata ngoma, anafuata gitaa la kati, kitu ambacho mi mwenyewe nilikuwa sikisikii mpaka nilipoangalia vidole vyake.

Saa nne kamili akaja jamaa mwenye suti na baunsa yule yule. "Hii meza ni ya VIP, hameni." Nikamweleza nilipiga simu Alhamisi, nikamwonyesha namba, akasema huyo dada hayupo leo. Nikamwomba walau tusubiri huo wimbo uishe. Baunsa akashika kiti cha baba kwa nyuma, baba bado amekaa, akakitikisa! Mzee wa miaka 72 akainuka katikati ya wimbo na sahani yake mkononi, watu wanaangalia, na mwimbaji jukwaani aliona kabisa maana alipoteza mstari mmoja alafu akaudaka.

Walituweka meza ya nyuma, karibu na dirisha la jikoni, nguzo imeziba jukwaa. Mezani kulikuwa na chupa nne za bia za watu waliotangulia, hazijatolewa. Na ile meza ya VIP nikawa naiangalia tu, saa nne na nusu haina mtu, saa tano haina mtu, wamekuja kukaa saa sita kasoro. Karibu saa mbili kona ya baba ilikaa tupu na viti vyake vimeegeshwa. Kama wangekuwa wamejaa ningeelewa, naapa ningeelewa, nami nafanya biashara najua mteja mkubwa ni mteja mkubwa, lakini kumtoa mtu kwenye kiti ili kiti kikae chenyewe hilo sijui niliweke fungu gani.

Wimbo wa mama ulipigwa saa tano na robo. Sehemu ya kwanza ile ya taratibu baba aliisikiliza ameinama, na ilipofika kwenye chemko akatoa kile kisimu chake cha batani, akampigia mama, akakinyanyua juu ya kichwa kuelekea kwenye spika. Alikaa hivo mkono juu mpaka ukaanza kutetemeka, nikamshikia kiwiko. Alivyorudisha simu sikioni nikasikia sauti ya mama, "mbona nasikia sahani?" Baba akamwambia ni watu wengi leo, mama Asha, ukumbi umejaa.

Sijawahi kumsikia baba anamdanganya mama.

Alafu akafungua kifungo cha mfuko akatoa ile noti, akaanza kwenda mbele kutunza. Kwa wasiojua, kutunza ndo heshima ya dansi, unatembea mbele za watu unamwekea mwimbaji pesa kwenye paji la uso au mkononi, na yeye anakutaja jina. Yule wa suti na watu wake walikuwa wamepanga meza zao za VIP mpaka kwenye njia, na baunsa akamzuia, "mzee huku hupiti." Akaonyesha noti. "Mpe mhudumu atapeleka." Baba akairudisha mfukoni, akafunga kifungo, akaniambia twende mwanangu.

Bili sasa. Soda nne elfu nane, maji mawili elfu nne, kuku elfu kumi na nane, ni elfu thelathini. Ikaja elfu arobaini na sita. Zimeongezwa bia nne! Zile chupa tulizozikuta. Nikamwambia dada baba aliacha pombe mwaka 1991 na mi sinywi, akasema "mi naangalia namba ya meza." Kwahiyo wao wametuhamisha kwa nguvu, alafu deni la meza waliyotuhamishia ndo letu. Nikaomba meneja, nikaambiwa ndo yule wa suti, na yule wa suti yuko na wageni wake hawezi kuja. Tukavutana robo saa nzima mpaka baba akasema lipa tuondoke, nami nikalipa, na hilo ndo linaniuma mpaka sa hivi, maana nilikuwa na haki nikaiacha mezani kwasababu sikutaka aendelee kusimama pale.

Nje getini bendi ilikuwa mapumziko. Mpiga tumba kakaa kwenye kreti anafuta viganja kwa taulo. Baba akamsalimia, wakashikana mikono muda mrefu, wakaanza kuulizana nani yupo nani katangulia, Gurumo toka 2014, Remmy Ongala toka 2010, na wengine siwajui. Baba akatoa noti akampa kwa mikono miwili. Yule mzee akauliza mbona mnawahi, nusu ya pili ndo tamu. Baba akasema tuna treni asubuhi. Treni yetu ilikuwa ya jioni.

Nikimfikiria yule mpiga tumba nakasirika upya. Tulilipa elfu ishirini mlangoni ambayo ndo yao, na kama mgao ni huo huo wa vinywaji basi zile bia nne za uongo zimeenda kwa mwenye baa, lakini mteja atakayepungua wiki ijayo atapungua mlangoni. Watu wanasema dansi imeuawa na bongo fleva. Mi usiku ule niliona vijana wa miaka ishirini na kitu wanacheza kwenye ile saruji wanajua mpaka maneno. Muziki mzima kabisa. Aliyekuwa ananisukuma nje sio muziki.

Jumatatu nilipiga ile namba, dada akapokea, akanikumbuka, akasema pole na nahisi alimaanisha, akanipa namba ya meneja ya WhatsApp. Nikaandika yote, na risiti nikaipiga picha. Tiki mbili za bluu zimewaka siku hiyo hiyo saa tano asubuhi. Leo ni wiki ya tatu.

Baba hajaongelea tena mambo ya kiti. Jana kaniuliza kama bendi ile ina sehemu nyingine inapiga, nikaulizia kwa watu, nikaambiwa Jumapili wanapiga baa moja ya uwanjani, viti vya plastiki, hakuna VIP. Mama amesema mgongo ukimpa nafuu naye anakuja.