Siku Moja na Fundi wa Mitungi, Moshi

Saa 12 asubuhi. Chai na chapati hapa Majengo, kisha nafungua karakana. Mitungi ya oksijeni ya wapanda mlima ndiyo inayolipa kodi, namalizana nayo mapema.

Saa 3. "Shikamoo, fundi." Ni mwanafunzi wangu wa kuzamia, kaleta regulata zake, vifaa vya kupumulia vinavyopunguza mgandamizo wa gesi ya mtungi. Mwezi ujao anakwenda Marekani kuzamia Kamloops, meli ya mizigo iliyozama Desemba 1927 katika Ziwa Superior, karibu na kisiwa cha Isle Royale. Watu wote 22 walikufa. Imelala kati ya mita 53 na 80 hivi, kwenye maji yasiyofika nyuzi 5. Baridi hiyo imeihifadhi meli, lakini ni adui wa regulata: gesi ya baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) ikitanuka ghafla inapoa, barafu inaganda, vali inagoma kufunga na mtungi unamwagika wote. Kwa hiyo kila oringi, pete ya mpira inayozuia gesi kuvuja, naipitisha chini ya lenzi, halafu narudia.

Saa 5. Kipima oksijeni, cha kujua kiasi cha oksijeni kilichomo mtungini. Hapa huwa mkali. Sensa haijui asilimia, inahisi mgandamizo wa oksijeni tu. Moshi tuko mita 800 na ushee juu ya bahari, kwa hiyo kipima kilichosawazishwa Tanga kitasoma 19 hivi badala ya 20.9. Akisawazishe palepale anaposimama. Mita 80 chini mgandamizo unakaribia baa 9. Hewa ya kawaida ingempa oksijeni ya kumtia degedege na naitrojeni ya kumlewesha. Ndiyo maana atapumua mchanganyiko wenye heliamu. Apime mwenyewe kila mtungi, aandike kwenye utepe: asilimia ya oksijeni, kina asichoruhusiwa kupita, tarehe, jina lake. Neno la aliyejaza halitoshi, hata langu.

Saa 8 mchana, bwawani. Glovu nene, macho kafumba, anatafuta vali ya mtungi nyuma ya kisogo aifunge. Vidole vinapapasa bomba, vinateleza, vinarudi. Tunaendelea mpaka mkono unakwenda moja kwa moja.

Saa 11. Hesabu. Dakika 20 chini, kupanda kunapita saa nzima ili gesi itoke mwilini polepole, amening'inia kwenye kamba akitetemeka. Vazi lake la kuzamia tutalijaza gesi ya argoni, maana heliamu hunyonya joto la mwili.

Anataka mita 80. Nimemwambia safari hii aishie 60. Kanuna kidogo, ila kakubali. Kesho tunapiga hesabu upya kwa kina hicho.