Kampuni ikitaka kupambana na umaskini ianzie kwenye kazi yake

Mi zile hundi kubwa za msaada ambazo kampuni zinatoa mbele ya kamera sizikatai, madawati watoto wanayakalia kweli na kisima kikichimbwa maji yanatoka. Ila tukiongelea yale malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya 2015, ambayo namba 1 ni kuondoa umaskini ifikapo 2030, naona kampuni inasaidia zaidi kwa ile kazi inayoifanya kila siku.

Mfano tunao hapahapa Arusha. Vyandarua vya Olyset, vile ambavyo dawa imechanganywa kwenye uzi wenyewe ndo maana unakifua na bado kinaua mbu miaka kadhaa, teknolojia yake ni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Wangeweza kubaki nayo wakawa wanatuuzia tu, lakini wakawapa ujuzi huo A to Z, kiwanda cha hapa kwetu, bila kudai mrabaha (malipo ya kutumia teknolojia yao), na 2003 vyandarua vikaanza kutoka Arusha na baadae maelfu ya watu wakapata ajira, wengi wao wadada. Yani malaria inapigwa huku mtu ana mshahara wa kulipa kodi ya chumba na ada, na malaria ndo inayofilisi familia, mtoto akilazwa mama hafungui genge wiki nzima.

Hata kahawa ya wenzetu wa Moshi, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ipo tangu 1933 na inauza kwa Fairtrade, yani mfumo wa biashara ya haki kwa mkulima, mnunuzi akilipa bei anaongeza senti 20 za dola kwa kila paundi ya kahawa (karibu nusu kilo), hela hiyo inaingia kwenye chama na wakulima wenyewe ndo wanapanga ifanye nini.

Sasa kinachoniuma. Dada yangu anachukua mboga soko la Tengeru anasapulai mahoteli, nyanya, hoho, mchicha. Kuna hoteli moja inamlipa baada ya miezi mitatu, na mkulima wa Tengeru yeye anataka cash asubuhi hiyohiyo, kwa hiyo dada anakopa kikoba kwa riba ili hoteli ya watalii ipate saladi, yani mama wa sokoni ndo anaikopesha hoteli!! Wahasibu mnaosoma hapa, hiyo invoisi ya laki tatu isaini leo jamani. Kuna lodge nyingine inamtumia hela kwa simu kila Ijumaa bila kukumbushwa, na hao siku hizi amewaongezea oda, na wakulima wawili wamemwambia wanapanda hoho nyingi zaidi kwa ajili yake.