Mbozi Haikupungua: Nilivyolinganisha Takwimu za Sensa

Mapema mwaka 2025, mjadala wa kugawa majimbo ya uchaguzi ulipokuwa umepamba moto, baba mdogo alinipigia simu kutoka Vwawa, wilayani Mbozi. Salamu zilipoisha akasema, "Mwanangu, huku kuna karatasi inazunguka. Inasema Mbozi tumepungua watu karibu elfu sabini. Wamekwenda wapi?"

Nilimwomba aipige picha anitumie. Ilikuwa na mistari miwili iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: Mbozi sensa ya 2002, watu 515,270, Mbozi sensa ya 2012, watu 446,339. Nikafungua ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu nikitarajia kukuta kosa, nikakuta namba zote mbili ni sahihi kabisa. Usiku ule sikulala vizuri. Wazee wa huko walikuwa wameanza kuamini kwamba wilaya yao inakufa, na katika mjadala wa majimbo mtu aliyeshaamini kwamba kwao hakuna watu hata mkono hanyanyui.

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa uleule wa ripoti ya 2012, mistari michache chini. Momba ilikuwa imeshamegwa kutoka Mbozi kabla ya sensa ile, na Tunduma ilikuwa halmashauri ya mji inayohesabiwa peke yake. Mbozi ya 2002 na Mbozi ya 2012 ni maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Nikawarudisha watoto kwa mama yao: Mbozi 446,339, Momba 196,818, Tunduma 97,562. Jumla 740,719. Eneo lililokuwa na watu 515,270 lilikuwa limeongeza zaidi ya laki mbili na elfu ishirini kwa miaka kumi. Na majimbo nayo yalifuata: kwenye uchaguzi wa 2010 eneo hilo lilikuwa na Mbozi Mashariki na Mbozi Magharibi; mwaka 2015 wakapigia kura majimbo manne, yaani Mbozi, Vwawa, Momba na Tunduma.

Tangu hapo sigusi jedwali lolote la sensa kabla ya kuchora ukoo. Nachukua daftari, naandika wilaya za sensa ya zamani upande wa kushoto, za sensa mpya upande wa kulia, kisha navuta mistari: huyu kamegwa kwa nani, mwaka gani, kabla au baada ya siku ya kuhesabiwa. Kazi inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Kujumlisha baadaye ni dakika tano.

Kuunganisha maeneo mapya yawe kama ya zamani ni rahisi. Nilipotaka kwenda kinyume, kuipeleka sensa ya zamani kwenye mipaka ya leo, ndipo nilipotoka jasho. Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa watu 2,707,410 mwaka 2012, na 2,343,754 mwaka 2022. Ukiishia hapo utasema mkoa umepoteza watu zaidi ya laki tatu na nusu. Kumbe mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa humo. Nikajumlisha wilaya za Songwe kama zilivyo kwenye ripoti ya 2012: Ileje 124,451, Mbozi, Momba, Tunduma. Nikapata 865,170. Lakini takwimu za 2012 zilizopangwa upya kwa mipaka ya sasa zinaipa Songwe watu 998,862. Pengo la watu 133,692.

Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Hatimaye nikaona: mkoa huo una wilaya nayo inayoitwa Songwe, na wilaya hiyo haimo kabisa kwenye ripoti ya 2012 kwa sababu wakati ule ilikuwa sehemu ya Chunya. Hapo wilaya haisaidii tena, lazima ushuke kwenye kata. Nikafungua kurasa za Chunya na rula mkononi, nikazitoa kata moja moja, Mkwajuni, Galula, Kanga, Totowe na wenzao. Kata nazo humegwa, kwa hiyo jina la leo linaweza lisiwemo kwenye kitabu cha zamani. Watu wake wamo ndani ya kata mama. Pengo lilipozibika nilifurahi mno, nikamwita mke wangu aje aone kioo cha kompyuta. Mbeya ya mipaka ya leo ilikuwa na watu 1,708,548 mwaka 2012. Haikupungua, imeongeza zaidi ya laki sita.

Mambo mengine mawili ya haraka. Ukinakili namba kutoka kwenye PDF, hasa iliyopigwa picha kutoka kitabuni, 3 hugeuka 8 na safu husogea, kwa hiyo jumlisha kata zote na uhakikishe unapata jumla ya halmashauri iliyochapishwa kabla ya kuendelea. Na unapolinganisha ongezeko, angalia miaka: kutoka sensa ya 1988 hadi ya 2002 ni miaka 14, wakati 2002, 2012 na 2022 zimepishana miaka kumi kumi.

Jiji la Mbeya nililiacha la mwisho, nalo halikunisumbua: 266,422 mwaka 2002, kisha 385,279 mwaka 2012, kisha 541,603 mwaka 2022. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya manane na kufikisha 272, jimbo la Mbeya Mjini liligawanywa na Uyole ikawa jimbo.

Nilimsomea baba mdogo hesabu za Mbozi polepole kwenye simu, naye akaziandika nyuma ya ileile karatasi. Alipofika 740,719 akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na Tunduma sasa hivi wako wangapi?" Nikamwambia 219,309, kwa sensa ya 2022. "Kutoka elfu tisini na saba?" Nikamjibu ndiyo, baba. Akasema kesho yake anaipeleka karatasi kijiweni, na nimtafutie pia kata yake mwaka 1988. Hiyo bado naitafuta.