Mound Bayou, Mji wa Akina Montgomery

Tulitoka Memphis asubuhi kwa gari kwenda Mound Bayou, mji wa jimbo la Mississippi, Marekani, tukaifuata barabara kuu namba 61 kuelekea kusini, na kwa mwendo wa saa mbili hivi hatukuona kilima hata kimoja. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na nyuzi za pamba zilikuwa zimenasa kwenye majani ya kando ya barabara, kama nilivyozoea kuziona utotoni kwetu Shinyanga.

Tambarare hii ilikuwa msitu na kinamasi mwaka 1887, pale Isaiah Montgomery na binamu yake Benjamin Green walipowaongoza watu waliotoka utumwani kuja kuanzisha mji huu kwa kufyeka ardhi walizouziwa na kampuni ya reli. Biashara haikuwa ngeni kwa ukoo huu. Baba yake Isaiah, Benjamin Montgomery, alipokuwa mtumwa wa Joseph Davis, aliendesha duka na akabuni rafadha ya mashua, lakini alinyimwa hataza, yaani hati ya kumlindia uvumbuzi wake, kwa sababu sheria haikumhesabu kuwa raia. Mwaka 1866 alilinunua shamba la bwana wake huyo kwa dola 300,000 za mkopo. Mafuriko na kushuka kwa bei ya pamba vikalichukua.

Nyumba ya Isaiah, iliyojengwa mwaka 1910, bado imesimama, ghorofa mbili za matofali mekundu. Nilikaa mbele yake muda mrefu, kwa kuwa kuna jambo lililokuwa likinisumbua tangu Memphis. Mwaka 1890, katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya Mississippi, Isaiah alikuwa mjumbe pekee mweusi, naye aliunga mkono kodi ya kura (malipo ya lazima kabla ya mtu kupiga kura) na mtihani wa kusoma, masharti yaliyowanyima maelfu ya ndugu zake haki ya kupiga kura. Alitumaini kwamba wazungu wakishapata walichokitaka, mji wake utaachwa ukue kwa amani. Mji ulikua kweli: benki ilifunguliwa mwaka 1904, kisha kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Hata hivyo siwezi kuuita uamuzi ule busara, kwani alilipa kwa mali ya wengine, na wakulima weusi wa kaunti za mbali hawakuwa na Mound Bayou ya kukimbilia.

Isaiah alifariki mwaka 1924. Mwaka huohuo binti yake, Mary Booze, aliingia katika kamati ya taifa ya chama cha Republican, miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kufika hapo, wakati watu weusi wengi wa jimbo lake hawakuruhusiwa hata kuigusa karatasi ya kura.