Mzazi wa Kisauni na mhadhiri wa Tudor hawatumii kipimo kimoja

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, Mombasa huzuka mabishano yale yale: chuo kikuu ni cha nini hasa? Mzazi anataka kujua mwanawe akimaliza miaka minne ataajiriwa wapi. Mhadhiri anajibu kwamba kazi ya chuo ni kutafuta maarifa na kuwafunza watu kufikiri. Ajira ni kazi ya uchumi na serikali. Mimi naona wote wawili wana haki. Ugomvi hauishi kwa sababu hatuangalii mambo mawili yanayoendesha chuo kila siku: fedha zinaingiaje, na mhadhiri anapandaje cheo.

Sheria yenyewe haikuchagua upande. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kina orodha ya malengo. Limo la kukuza maarifa kwa kufundisha na kutafiti, limo la kuwaandaa wataalamu wa ngazi ya juu, limo la kuchangia maendeleo ya uchumi na jamii, limo la kumjenga mwanafunzi afikiri kwa uhuru. Na limo moja ambalo halitajwi sana: kuyafikisha matokeo ya utafiti kwa wananchi wote. Mzazi ameshika lengo lake, mhadhiri ameshika lake, na hilo la mwisho limebaki bila mwenyewe.

Mabishano haya si ya Kenya peke yake. Chuo cha Berlin kilipofunguliwa 1810, wazo lilikuwa mwalimu na mwanafunzi watafute elimu pamoja bila kuelekezwa na serikali. Marekani mwaka 1862 ilipitisha sheria ya kuyapa majimbo ardhi ili mapato yake yajenge vyuo vya kilimo na ufundi. Wahadhiri wengi wa hapa wanazungumza lugha ya Berlin, na wazazi wengi wanazungumza lugha ya 1862 bila kujua. Huko huko Marekani imani ya watu imeporomoka: shirika la Gallup lilipowauliza mwaka 2015, asilimia 57 walisema wana imani kubwa na elimu ya juu, mwaka 2023 walikuwa asilimia 36.

Mombasa tuna historia yetu inayoeleza kwa nini watu wa hapa wanadai ufundi. Chuo kikuu cha kiufundi kilichoko Tudor kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyofungua madarasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki kazi za mikono na mitambo. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2007 chuo kishiriki, na 2013 ikapata hati ya chuo kikuu kamili. Kwa hiyo mtu mzima wa Majengo au Changamwe akisema “pale palikuwa pakitoa mafundi”, anakumbuka jambo la kweli. Diploma bado zinafundishwa pale, lakini jina likishabadilika, matarajio ya chuo nayo hubadilika: mhadhiri anatakiwa awe na shahada ya uzamivu, na uzamivu hauhesabu miaka aliyokaa karakana.

Sasa fedha. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na mzazi hakuwa na haja ya kujua gharama halisi ya kozi. Mwaka 2023 ukaja mfumo wa kupanga familia kwa makundi: sehemu ufadhili, sehemu mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, sehemu ya mzazi. Mahakama Kuu ikaubatilisha Desemba 2024, na kesi ikaendelea Mahakama ya Rufani. Vyovyote iwavyo, mzazi ameshaiona bei ya kozi kwenye karatasi, na akishaiona ataanza kuuliza anapata nini kwa fedha hizo. Si haki kumlaumu kwamba haithamini elimu. Chuo nacho, kikitegemea idadi ya wanafunzi ili kilipe mishahara, kitafungua kozi zinazojaa darasa, na historia, fizikia na isimu zitabaki na viti vitupu hata kama nchi inazihitaji.

Cheo kina njia yake. Mhadhiri anayetaka kuwa mhadhiri mwandamizi au profesa anahesabiwa makala katika majarida yanayopitiwa na wenzake, vitabu, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu aliowasimamia. Huduma kwa jamii imo, lakini uzito wake ni mdogo ukiilinganisha na machapisho. Mtu mwenye saa kumi za ziada kwa wiki ataziweka wapi? Ataziweka kwenye makala ya Kiingereza. Huo si ubinafsi. Kamati itakayokaa na faili lake inasoma hayo.

Leseni ya utafiti inaelekea huko huko. NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni hiyo, humtaka mtafiti awasilishe ripoti yake ya mwisho kwa tume, Nairobi. Njia ya ripoti kupanda juu ipo. Ya kushuka hadi Mtongwe, kwa wavuvi waliojibu maswali na kupimiwa samaki wao, inaachwa kwenye hiari ya mtafiti.

Hasara yake inaonekana kwenye madema, mitego ya kusuka ya kuvulia samaki. Watafiti wa samaki pwani ya Kenya walijaribu kuacha uwazi wa sentimita 3 kwa 30 kwenye dema. Samaki wadogo walitoka, waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na mapato ya mvuvi yakapanda. Matokeo yalichapishwa kwa Kiingereza kwenye jarida la uvuvi mwaka 2013. Ni utafiti ambao fundi wa kusuka madema anaweza kuutumia asubuhi moja, bila mashine wala mkopo. Ukitaka kujua kama elimu hiyo imefika ufuo wa kwenu, nenda kayaangalie madema yaliyoanikwa.

Kurudisha matokeo ni kazi yenye utaratibu, na mara nyingi huharibika mahali pale pale. Kosa la kwanza ni bajeti. Fungu la kikao cha kurudisha matokeo liwekwe kwenye pendekezo la mwanzo kabisa, pamoja na nauli, maji ya kunywa, ukumbi na fotokopi. Mradi ukishafungwa fedha hazipatikani tena, na mtafiti hawezi kuitisha watu mikono mitupu baada ya kuwachukulia muda wao mwaka mzima.

La pili ni karatasi ya matokeo wanayopewa wavuvi. Kurasa mbili zinatosha, mbele na nyuma, herufi kubwa za ukubwa wa 14, kwa Kiswahili, na jedwali moja tu. Andika tafi, changu na pono. Jina la Kilatini likae kwenye tasnifu. Vipimo viwe kilo, sentimita na shilingi kwa siku. Kama utafiti ulikuta kwamba kikundi fulani kinaharibu mazalio ya samaki kwa juya, wavu wa kukokota, liandikwe hivyo hivyo bila kuzunguka, lakini viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, waonyeshwe siku kadhaa kabla, wasilisikie mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Wakilisikia hapo, kikao kizima kitaishia kwenye kujitetea.

La tatu ni siku. Mtafiti hupanga kwa kalenda ya muhula, na mvuvi hupanga kwa mwezi na upepo. Bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapotoka kidogo, hubadilisha saa za kutoka na kurudi, kwa hiyo mwenyekiti wa BMU aulizwe kabla ya barua kuandikwa. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo vingi hukaa pwani na watu hupatikana kwa urahisi kuliko wakati wa kaskazi. Ijumaa mchana haifai kabisa. Dakika 45 zinatosha, na angalau nusu yake iwe ya maswali. Mama karanga, wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, waitwe pia, wala wasikumbukwe dakika ya mwisho: bei ya samaki mdogo wanaijua wao, na wao ndio wataamua kama kuwaachia wadogo watoke kwenye dema kunalipa.

Mfano mzuri upo karibu. Pale Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, wanakijiji wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa kaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Hesabu za kaboni zilitoka kwa wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wa chuo kikuu cha Edinburgh Napier. Ulinzi na maamuzi ya matumizi ya fedha yako kijijini. Pale mtu haulizi utafiti una faida gani.

Hata hivyo sikubali chuo kigeuzwe ofisi ya kutatua shida za leo peke yake. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha na kuua matumbawe mengi ya pwani yetu. Ukubwa wa hasara ulijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakipiga mbizi na kuyahesabu miaka mingi kabla, kazi ambayo wakati huo haikumpa mtu yeyote ajira wala chakula. Ukingoja tatizo lije ndipo uanze kuhesabu, huna cha kulinganisha nacho. Hapa wahadhiri wako sahihi kabisa. Na Ibara ya 33 ya Katiba inaulinda uhuru wao wa kitaaluma na wa utafiti, ili kiwanda au mwanasiasa asiyependa majibu asiweze kuwafunga mdomo.

Mzazi naye asikubali majibu ya jumla. Kabla ya kujaza chaguo la KUCCPS, ofisi inayowapangia wanafunzi vyuo, kozi ihakikishwe kwamba imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ikiwa ni uhandisi, iangaliwe kama Bodi ya Wahandisi inaitambua; sheria ina Baraza la Elimu ya Sheria, na uuguzi una baraza lake. Watu wamemaliza shahada wakakuta hawawezi kusajiliwa, na kosa hilo hugunduliwa mwaka wa mwisho. Kisha tembeleeni karakana na maabara, msiishie kwenye jengo la utawala. Ulizeni mashine moja inatumiwa na wanafunzi wangapi kwa zamu. Ulizeni ni nani anayetafuta nafasi ya atachimenti, mafunzo ya kazini, chuo au mwanafunzi mwenyewe, na mhadhiri humtembelea mara ngapi akiwa huko. Mwanafunzi anayejitafutia nafasi bandarini bila barua na bima mapema hukuta zimejaa.

Chuo cha umma kikikataa kutoa takwimu za wanafunzi wanaomaliza kwa wakati au walioacha masomo, ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika barua au barua pepe kwa afisa wa habari wa chuo, ukitaja kozi na mwaka hasa. Si lazima ueleze sababu, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Barua inayouliza “hali ya elimu chuoni” hujibiwa kwa brosha. Inayouliza ni wangapi walioingia diploma ya umeme Septemba 2021 na wangapi walihitimu, inahitaji nambari.

Seneti za vyuo nazo zina jambo ambalo halihitaji shilingi ya Hazina: kuzipa pointi za cheo zile kurasa mbili za Kiswahili, zikiambatishwa na orodha ya waliohudhuria kikao na sahihi ya mwenyekiti wa BMU, wa kituo cha afya au wa kamati ya mtaa. Ushahidi huo ni rahisi kukaguliwa kuliko jarida la mbali, kwa kuwa mwenyekiti ana simu.